Mwisho wa Laini: Kwa Nini TANESCO Ijenge Gridi Ndogo Pamoja na Wateja Wake

Katika siasa za umeme nchini mwetu kuna neno moja linalopigiwa makofi kuliko yote: kuunganishwa. Kijiji kimeunganishwa, kitongoji kimeunganishwa, wilaya imeunganishwa na Gridi ya Taifa. Makofi hayo hayakuja bure. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulianza kazi mwaka 2007, na katika kipindi kisichozidi miaka ishirini umeme umefikishwa katika takriban vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, huku kazi ikiendelea katika vitongoji zaidi ya 64,000. Ada ya kuunganishwa kijijini imeshushwa hadi shilingi 27,000, kiasi ambacho mkulima anaweza kukipata kwa kuuza kuku wachache. Anayeibeza kazi hiyo ana lake jambo.

Hata hivyo, kuunganishwa ni tukio la siku moja, ilhali kuwa na umeme ni hali ya kila siku. Nguzo ikishasimama na mita ya LUKU ikishafungwa ukutani, swali linabadilika. Si tena "umeme utafika lini?" bali "ukikatika, nani atashika zamu?" Kwa swali hili la pili hatuna jibu, na sababu kubwa ni kwamba hatujawahi kuliuliza kwa sauti. Makala haya yanaliuliza kwa kutumia mfano wa sehemu moja: Haneti.

Haneti ni kata ya Wilaya ya Chamwino, kaskazini mwa jiji la Dodoma, katika nyanda kame za kati. Wengine huijua kwa kito cha kijani, krisopresi, kinachopatikana katika vilima vyake. Wengine kwa utafutaji wa madini ya nikeli. Wenyeji wanaijua kwa mtama, uwele, alizeti na mifugo, na kwa mvua za msimu mmoja zinazoanza mwishoni mwa mwaka na kukoma Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua kali na upepo. Katika mazingira ya namna hiyo, umeme haumaanishi taa na televisheni tu. Maji ya kisima kirefu hayapandi juu bila pampu. Nafaka haiwi unga bila mashine. Chanjo haidumu zahanati bila jokofu. Penye mto utiririkao mwaka mzima, umeme ukikatika watu huenda mtoni. Nyanda za kati hazina anasa hiyo.

Sasa tutazame umeme unavyofika sehemu kama hizo. Njia kuu za msongo mkubwa huingia katika kituo cha Zuzu, nje kidogo ya jiji la Dodoma. Kutoka vituo vya aina hiyo, umeme husambazwa vijijini kwa laini za kilovolti 33 zinazokwenda makumi ya kilomita, zikipita maporini na makorongoni, zikichepuka kila kijiji mfano wa matawi ya mbuyu. Tawi likivunjika karibu na shina, majani yote ya mbele yake hunyauka. Nguzo moja iliyoliwa na mchwa, au radi moja ya Januari, yatosha kuvizima vijiji vyote vilivyo mbele yake. Na hata laini inapokuwa nzima, waya mrefu hula sehemu ya umeme njiani, hivyo anayeishi mwishoni hupata kile ambacho mafundi wa mashine za kusaga hukiita umeme mdogo: taa inawaka kwa unyonge, mota inanguruma bila kuzunguka, na wakati mwingine inaungua.

Wapo watakaonijibu kwamba shida hiyo imepitwa na wakati, kwa kuwa tuna Bwawa la Julius Nyerere. Ni kweli, mitambo tisa ya pale Rufiji ina uwezo wa megawati 2,115, na tangu mtambo wa kwanza uanze kuzalisha mwanzoni mwa mwaka 2024, taifa limepata ahueni kubwa baada ya mgawo uliotutesa. Lakini wingi wa maji kisimani haufupishi kamba ya ndoo. Mwezi Machi 2025, akiwa ziarani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza sababu ya kufikiria kununua umeme Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini: umeme wetu wenyewe unapotea njiani kwa sababu ya umbali, na hasara hiyo aliitaja kuwa shilingi bilioni 32 kwa mwaka. Wengi walishangaa kwamba nchi yenye ziada inunue nje. Mimi nilisikia jambo jingine: Mkuu wa Nchi amekiri hadharani kwamba umbali una bei. Ikiwa Kaskazini, yenye miji na viwanda, inaumizwa na umbali, vipi Haneti? Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Rufiji ni fimbo nene, lakini iko mbali.

Jibu ninalolitetea ni gridi ndogo, na sharti nieleze maana yake kwa sababu neno hili hutumiwa ovyo. Gridi ndogo ninayoizungumzia si paneli juu ya paa, wala si jenereta nyuma ya duka. Ni mtandao wa umeme wa eneo dogo wenye chanzo chake cha kuzalisha, akiba yake katika betri, na swichi yenye uwezo wa kuutenga na gridi kubwa hitilafu inapotokea, ukajiendesha wenyewe, kisha ukarudi kuungana hali inapotengemaa. Siku za kawaida hununua na kuuza umeme kama mteja mwingine yeyote. Siku ya dhiki hujitegemea.

Uwezo huo wa kujitenga ndio kiini cha suala zima. Inveta nyingi za sola zilizounganishwa na gridi zimeundwa zijizime mara tu gridi inapozimika, ili fundi aliyepanda nguzo asipigwe na umeme unaotoka kwenye paa la mtu. Matokeo yake ni kichekesho: shule yaweza kuwa na paneli juu na jua la saa sita mchana, na bado madarasa yakakosa umeme. Kinachokosekana hapo si nishati, ni mpangilio. Na mpangilio huo raia mmoja mmoja hawezi kuuweka, kwa sababu nyaya, transfoma na swichi za mtaani ni mali ya TANESCO. Ndiyo maana nasema gridi ndogo za vijiji vilivyo mwisho wa laini haziwezi kuwa kazi ya mwekezaji peke yake, wala ya wanakijiji peke yao. Ni kazi ya shirika la umeme pamoja na wateja wake.

Wala tusidanganyane kwamba jambo hili ni geni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 na Taasisi ya Rasilimali za Dunia kwa kushirikiana na TaTEDO uliorodhesha gridi ndogo zisizopungua 109 nchini, zikihudumia wateja wapatao 184,000. Nyingi zilikuwa za maji, lakini zile 19 zilizotumia mafuta ndizo zilizobeba asilimia 93 ya wateja wote. Hizo za mafuta, kwa sehemu kubwa, ni zile za TANESCO katika miji iliyokuwa mbali na gridi. Yaani shirika letu ni mwendeshaji mkongwe wa gridi ndogo. Tatizo ni mtazamo: kwake gridi ndogo imekuwa kibanda cha muda anachokaa mtu akisubiri nyumba iishe. Mwaka 2022 majenereta ya Kigoma yalizimwa kwa shangwe baada ya mji kupata umeme wa gridi. Shangwe ilikuwa ya haki, maana dizeli ni ghali na ni chafu. Ila hakuna aliyeuliza endapo uwezo wa mji kujiendesha, hata kwa saa chache, haukustahili kubakizwa kwa chanzo kingine kilicho safi zaidi.

Upande wa jamii nao tuna mifano. Mawengi, wilayani Ludewa, kuna kituo kidogo cha maji kilichojengwa kwa msaada wa shirika la Kiitaliano la ACRA, na watumiaji wenyewe wakaunda jumuiya yao, LUMAMA, ya kukiendesha. Kule Mufindi, mradi wa Mwenga wa megawati 4 ulioanza mwaka 2012 unauza umeme kwa sekta ya chai, kwa vijiji, na kwa Gridi ya Taifa, na baadaye ukaongezewa mitambo mitatu ya upepo. Mifano hii inathibitisha kwamba kijiji kinaweza kusimamia umeme wake, na kwamba mtandao mdogo unaweza kuishi bega kwa bega na gridi bila kumezwa.

Lakini tunao pia mfano unaouma, nao ndio ulionifanya niandike. Katika kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kampuni ya JUMEME ilianza mwaka 2016 kutoa umeme wa jua wenye betri na jenereta ya akiba. Bei ya uniti ilikuwa juu mara nyingi zaidi ya ile ya TANESCO, kwa sababu mwekezaji alipaswa kurudisha mtaji wake kutoka kwa wateja wachache, tena maskini. Mwaka 2020 Serikali ikaelekeza kwamba wawekezaji wa aina hiyo vijijini watoze shilingi 100 kwa uniti, bei ile ile ya mteja mdogo wa TANESCO. Wananchi walifurahi. Wawekezaji walilia. Wachambuzi wengi, hasa wa nje, waliliita tukio hilo kosa la kisiasa.

Mimi sikubaliani nao kikamilifu. Kanuni ya bei moja ni kanuni ya haki. Hakuna hoja ya kimaadili inayoweza kuhalalisha mvuvi wa Ukara alipe uniti moja kwa bei inayomnunulia mkazi wa Masaki uniti kadhaa, eti kwa sababu tu alizaliwa kisiwani. Gridi ya Taifa yenyewe imejengwa juu ya msingi wa kubebana: mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na pengo lake linafidiwa na watumiaji wakubwa. Kosa la mwaka 2020 halikuwa bei. Kosa lilikuwa kumwagiza mtu abebe mzigo wa haki bila kumwonyesha nani atamsaidia kuubeba. Mwekezaji wa kisiwa kimoja hana Kariakoo wala kiwanda cha saruji cha kufidia pengo lake. TANESCO anavyo.

Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Ikiwa tumeamua kama taifa kwamba bei iwe moja, na naunga mkono uamuzi huo, basi anayestahili kuongoza gridi ndogo za vijijini ni yule mwenye uwezo wa kusawazisha gharama nchi nzima. Hatuwezi kushikilia bei ya taifa kwa mkono mmoja na kuwaachia watu binafsi gharama kwa mkono mwingine.

Kwa nini basi wateja wahusishwe? Si ingetosha TANESCO ijenge na kuendesha peke yake? Historia ya Zanzibar inajibu. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, takriban miezi mitatu, Kisiwa cha Unguja kilikaa bila umeme wa gridi baada ya mfumo wa kebo ya chini ya bahari kuharibika, na miaka isiyozidi miwili kabla ya hapo, mwaka 2008, kilikuwa kimekaa gizani karibu mwezi mzima. Hoteli ziliwasha majenereta. Wenye uwezo walinunua yao. Usiku kisiwa kilinguruma, na bado mitaa ilikuwa giza na maji hayatoki. Uwezo wa kuzalisha ulikuwapo, tena mwingi, ila kila mmoja aliufungia uani kwake kwa kuwa hapakuwa na mkataba wala swichi ya kuwawezesha majirani kugawana. Gharama iliyotumika katika miezi ile mitatu ilikuwa ya watu wengi. Faida ilikuwa ya mmoja mmoja.

Mashirika ya umeme kwingineko yamejifunza somo hilo. Borrego Springs ni mji mdogo wa jangwani huko California, unaotegemea njia moja ya umeme kuvuka milima. Shirika la San Diego Gas & Electric lilijenga gridi ndogo pale, na dhoruba ilipoangusha nguzo Septemba 2013, wateja 1,056 wa katikati ya mji walirudishiwa umeme kwa mfumo huo huku mafundi wakiendelea kukarabati njia kuu. Katika jimbo la Vermont, shirika la Green Mountain Power limeweka betri majumbani mwa wateja kwa makubaliano: mteja hupata akiba ya dharura, shirika huchota humo wakati mahitaji ya umeme yanapopanda. Sisemi tuige Marekani, nchi yenye mifuko tofauti na yetu. Nasema mwisho wa laini ni mwisho wa laini, uwe Borrego Springs au Haneti, na kwamba shirika la umeme linaweza kumwona mteja wake kama mshirika.

Ushirika wa namna hiyo ungeonekanaje Haneti? Naona mambo manne.

Kwanza, mgawanyo wa mali uwe wazi. TANESCO imiliki nguzo, swichi ya kujitenga, betri kuu na mamlaka ya uendeshaji, kwa sababu usalama wa fundi aliye juu ya nguzo hauwezi kuwa na wasimamizi wawili. Shule, zahanati, wenye mashine, na wawekezaji wa madini watakaohitaji umeme wa uhakika wachangie paa, paneli na majenereta ya akiba waliyonayo. Kijiji kitoe ardhi na ulinzi.

Pili, mchango ulipwe, na ulipwe kwa sarafu ambayo kila mtu anaielewa: uniti. Mteja aliyekubali paneli zake zitumike, au aliyekubali kuzima mashine yake saa za jioni ili zahanati isizimike, apate uniti kwenye mita yake ya LUKU. Pampu za maji na mashine za kusaga zinaweza kufanya kazi mchana jua linapowaka, zikaiacha betri kwa ajili ya usiku. Kubadili saa ya kusaga hakugharimu shilingi moja ya mtaji, lakini kunapunguza ukubwa wa betri inayohitajika, na betri ndiyo inayokula fedha.

Tatu, orodha ya kipaumbele iamuliwe na Mkutano Mkuu wa Kijiji. Gridi ndogo ikijitenga haiwezi kumhudumia kila mtu kila kitu. Nani awashiwe kwanza: zahanati, pampu, bweni la wasichana, au mnara wa simu? Hilo ni swali la siasa katika maana yake njema, na mhandisi hana haki ya kulijibu peke yake akiwa ofisini mjini. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili na usomwe mkutanini mbele ya wote.

Nne, betri ya pili ijulikane itatoka wapi kabla ya kununua ya kwanza. Hapa tuna somo chungu la maji. Tulichimba visima vingi vijijini, pampu zikafa, na hapakuwa na mfuko wa kuzitengeneza, hadi Sheria ya mwaka 2019 ilipounda RUWASA na kuvipa msimamo wa kisheria vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Betri huchakaa kama pampu. Mradi usio na mfuko wa kuibadilisha ni sherehe ya uzinduzi tu.

Najua pingamizi zitakazokuja. Itasemwa kwamba TANESCO ina mizigo ya kutosha. Ni kweli, lakini kupeleka laini ya pili hadi kila kijiji cha mwisho ili kukitoa katika utegemezi wa njia moja kuna gharama pia, na wakati mwingine gridi ndogo itakuwa nafuu kuliko makumi ya kilomita za nguzo mpya. Pale isipokuwa nafuu, isijengwe. Hesabu ifanywe kijiji kwa kijiji. Itasemwa pia kwamba kanuni zipo tayari. Kanuni za miradi midogo za EWURA ni kazi nzuri: zinaeleza hata mzalishaji mdogo afanye nini gridi ikimfikia, auze umeme kwa TANESCO, anunue kwa jumla na kusambaza, au afidiwe nyaya zake. Ila zimemtazama mwekezaji na shirika. Mteja wa kawaida ametajwa kama mlipaji. Nafasi yake kama mshirika, mwenye kuchangia na kulipwa, bado haijaandikwa ipasavyo.

Nayo hoja ya kwamba wanakijiji hawawezi mambo ya kitaalamu, nitaijibu kwa kifupi: Mawengi wameweza.

Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam na kuahidi kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030. Idadi hiyo itahesabiwa kwa mita zilizofungwa, kwa kuwa mita ni rahisi kuhesabu. Napendekeza EWURA iongeze hesabu nyingine, kijiji kwa kijiji, na kuitangaza kila mwaka: saa ambazo umeme ulikuwapo, na saa ambazo zahanati ilikosa. TANESCO na REA wachague vijiji vichache vya mwisho wa laini, Haneti ikiwa mojawapo, waketi na mikutano mikuu ya vijiji hivyo, na waanze na mkataba kabla ya kuanza na nguzo. Wabunge wa Dodoma, ambao Bunge lao liko mkoani humu humu, hawana umbali wa kusingizia.